Hodi ya Tatu

Mji huu niliuandika mwenyewe, kwa hiyo mtu asinionyeshe njia. Najua kila uchochoro unaishia wapi, kwa sababu mara nyingi uliishia pale nilipochoka. Najua kwa nini kisima cha sokoni hakina maji: tulisahau kuyaweka, mimi na Fikirini, na tulipokumbuka wachezaji walikuwa wameshajitungia kisa kwamba kisima kililaaniwa, tukaona haya kuwaharibia. Hakuna asubuhi hapa, wala usiku. Ni saa kumi ya alasiri. Jua limelalia upande mmoja wa kuta na litabaki limelala hivyo mpaka mtu azime mashine. Wachezaji wamelalamikia hilo pia. Niliwajibu kwamba ni tatizo la kiufundi, nikawadanganya.

Naitwa Siwema. Kabla yangu mama yangu alizika watoto wawili, ndiyo maana akanipa jina hili, ili kifo kikisikia ninavyoitwa kisinitamani. Kazi yangu ni kuandika hadithi za mchezo wa kompyuta: nani anaishi nyumba gani, anasema nini, anakufa vipi. Fikirini ndiye fundi wa kuzigeuza hadithi hizo kuwa kuta na watu wanaotembea. Zamani nilikuwa nauingia mji kama kila mchezaji, kwa kubonyeza. Siku hizi navaa hedifoni, nafumba macho, na mguu wangu unakuwa umeshakanyaga vumbi la Mtaa wa Washonaji. Sijamwambia Fikirini. Ataniambia nipumzike, na mtu akiniambia tena nipumzike nitamrushia kitu.

Leo nimeingia na shughuli. Nimekuja kumwomba mwanamke mmoja anyamaze.

Mji umekaa kimya. Milango iko wazi, mapazia yanacheza, ndani unaona mtu ameketi na sahani magotini, lakini ukimsalimu anatazama pembeni. Hawa si watu wasio na adabu. Wamefunzwa kunyamaza, na aliyewafunza ni mimi, kwa sheria moja niliyokiandikia chama cha wauaji kinachoitwa Waliokaribishwa.

Sheria ni hii. Muuaji wa Waliokaribishwa havunji mlango wala haruki ukuta. Anasimama nje, anapiga hodi. Akijibiwa karibu, anaingia, anaamkia, ananawa mikono, anakula alichoandaliwa mpaka kiishe, anashukuru. Kisha anaua. Asipojibiwa, anapiga hodi ya pili. Asipojibiwa, anapiga ya tatu. Hodi tatu zikipita kimya, anageuka na kwenda zake, hata kama anamwona mwenye nyumba kwa macho yake, hata kama mlango haukusindikwa. Kila mtu wa kwetu anaijua adabu hii. Mimi niliichukua tu nikaitia kisu mkononi.

Na anayetaka kuingia chamani hapewi adui wa kumuua. Anaambiwa: nenda katafute mtu atakayekukaribisha.

Basi watu wa mji wakajifunza. Kwanza waliacha kujibu sauti wasizozijua. Kisha wakaacha kujibu hata wanazozijua, maana ndugu naye anaweza kuwa amejiunga. Wamesalimika. Hakuna aliyeuawa katika Mtaa wa Washonaji tangu mchezo ulipoanza. Hakuna aliyetembelewa pia. Harusi zimekwisha, maiti zinazikwa na wenyewe wawili watatu. Kuna fundi cherehani ambaye ndugu yake alikuja mlangoni akivuja damu, akapiga hodi tatu, akafa palepale kizingitini. Fundi yuko hai. Nimepita mlangoni kwake sasa hivi, anatia kifungo kwenye shati la mtu ambaye hatakuja kulichukua. Nilipomwandika niliona nimeandika jambo zito kuhusu woga. Leo namtazama naona aibu.

Najiuliza, na nimejiuliza mpaka nimewachosha watu ofisini: aliyenyamaza amefanya nini? Mwenye kisu amefanya, hilo halina ubishi, mkono umekwenda na damu imetoka. Lakini aliyekaa kimya hakunyanyua hata kidole. Ukimpeleka mbele ya hakimu atasema, mheshimiwa, mimi nilikuwa nimekaa. Na kweli alikuwa amekaa. Kuna kitu gani hapo cha kumfungia mtu?

Nyumba moja tu bado inajibu.

*

Wachezaji wanamwita Bi Karibu. Mimi niliacha nafasi ya jina wazi, kwa kuwa jina lake halisi sikuweza kuliandika. Ni Mwanamvua binti Shomari, na ni mama yangu, na amefariki.

Nilimtengeneza kutokana na simu yangu. Zilibaki jumbe za sauti, nyingi za ovyo, kuku wa jirani wakiwika nyuma yake, yeye mwenyewe akisema "inarekodi hii? inarekodi?" Nilizikatakata nikapata sentensi kumi na moja safi. Karibu. Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Keti kwanza, mbona umesimama kama polisi. Umekula? Umekonda. Maji ya kunawa hayo hapo. Usijali. Kula ushibe, kipo kingine. Nakuombea kila siku. Nenda salama. Hizo ndizo zote. Fikirini alimchorea uso wa mwanamke mwingine, wa makamo, mwenye mtandio wa kijani, na hakuuliza sauti nimeitoa wapi.

Nilitaka awepo mtu mmoja katika mji ule anayejibu. Hilo tu ndilo nililotaka, naapa. Sikupiga hesabu ya kitakachofuata, na mtoto wa darasa la nne angeipiga. Kama milango yote imekaa kimya na mmoja unajibu, basi kila anayetaka kuwa muuaji atakwenda kwenye huo mmoja. Wameshakwenda zaidi ya elfu tisa. Wote wamenawa, wote wamekula. Kila mmoja aliambiwa amekonda.

Juzi ikaja barua ya mchezaji anayeitwa Adila. Wengine huandika kurasa kutufundisha kazi, yeye aliandika mistari mitatu: Nimezima mchezo wiki mbili sasa. Kila nikipiga hodi yule mama anajibu, nami naondoka mbio kabla sijaingia. Tafadhali mwambieni asijibu.

Fikirini aliichapisha akaniwekea mezani, juu ya chai yangu kabisa ili nisijifanye sijaiona.

"Dada Siwema, tuamue leo," alisema. "Toleo jipya linatoka kesho. Mimi naona njia mbili. Ya kwanza, tumnyamazishe. Naitoa sauti yake, anakaa kama wenzake, hakuna wa kuingia, hafi tena."

"Na ya pili?"

"Tumwache, watu waendelee kumchinja."

"Usiseme kumchinja."

"Niseme nini sasa? Au tukifute chama chenyewe. Nani atalia? Wauaji tu hao, watu wa kubuni."

"Chama hakifutwi."

"Kwa nini?"

Nilimwambia anipe mpaka alasiri, nikavaa hedifoni.

*

Kwenye baraza ya Bi Karibu alikuwa amekaa Mkuu wa Waliokaribishwa. Sikumwandika akae pale. Nilimwandikia ukumbi, taa, walinzi wawili wenye mikuki. Yeye ameketi kwenye baraza ya watu, viatu amevivua, anachambua choroko kwenye ungo. Ni mtu mpole. Hilo nililiandika kweli, upole, kwa sababu wauaji wanaonguruma walishanichosha.

"Karibu," akasema, na kwa mdomo wake neno hilo lilinitia baridi.

"Sikukaribishwa na wewe. Nyumba si yako."

"Si yangu kweli. Nasubiri vijana wangu tu. Wakitoka huwa wanahitaji mtu wa kukaa naye, wengine wanatapika." Akapuliza makapi. "Umekuja kumnyamazisha."

"Nimekuja kumwokoa."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye choroko zake. Nilitaka abishane. Nilikuwa nimejiandaa na hoja nzuri kabisa, nikabaki nazo.

Nikasimama mlangoni. Ni mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu, na hauna kufuli. Nikasema, "Hodi."

"Karibu!"

Sauti hiyo imefariki miezi kumi na minne iliyopita. Jamani. Nimeisikia mamia ya mara kwenye majaribio, na bado sijaizoea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Mama, nina jambo. Sikiliza kidogo."

"Keti kwanza, mbona umesimama kama polisi."

Nikakaa. Mkeka ule nilishautandika mwenyewe kwa maneno, ukili mwekundu na mweupe, pembe moja imeliwa na panya. Akanisogezea sinia la wali. Uso haukuwa wake, lakini namna alivyosukuma sinia kwa vidole viwili, kama mtu asiyetaka kuonekana anakubembeleza, ilikuwa yake, na sijui Fikirini aliipata wapi.

"Mama, wanaokuja hapa si wageni."

"Maji ya kunawa hayo hapo."

"Wanakuua. Wanakula chakula chako halafu wanakuua. Unanisikia? Mara elfu tisa sasa."

"Usijali."

"Usiniambie nisijali! Wakipiga hodi nyamaza. Hodi tatu tu, Mama, hesabu kimoyomoyo, zinapita, wanaondoka. Mji mzima wanafanya hivyo. Ni kitu kidogo sana."

Akanitazama. Nilijua hana sentensi ya kunijibu hapo, nilizikata mwenyewe, ziko kumi na moja. Hata hivyo nilingoja.

"Umekula?" akasema.

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kweli, kisha hakikuwa kicheko. Alikuwa hivyo hata alipokuwa hai. Ungemwambia dunia inaungua, angeuliza kama kuna mtu amebakishiwa chakula.

Ndipo nje ikasikika, sauti changa, ya mtu aliyekwenda mbio kidogo: "Hodi!"

Mama akageukia mlango, uso umechanua, kifua kimejaa pumzi ya kujibu. Sikufikiri. Nilivuka mkeka nikamziba mdomo kwa kiganja.

Niliihisi midomo yake chini ya mkono wangu. Ilikuwa inatengeneza neno. Sikubonyeza sana, lakini nilibonyeza, nisijitetee. Macho yake yalikuwa karibu na yangu na hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa yananishangaa, kama siku moja nilipokuwa mdogo alinikuta nimeshika panya mfu nikimbembeleza.

"Hodi!" mara ya pili.

Nikamwambia sikioni, vumilia, vumilia, imebaki moja.

"Hodi, wenyewe!"

Kisha kimya. Kisha hatua, zikishuka ngazi mbili za baraza, zikipungua.

Nilimwachia. Nilijaa furaha, au kitu nilichodhani ni furaha. Nimemwokoa! Kwa mara ya kwanza hodi tatu zilipita kwenye mlango huu na yeye akabaki hai. Yeye hakunitazama. Aliinuka, akatwaa sahani, akaipakulia wali, akaweka na kipande cha samaki juu, akaenda mlangoni na kufungua. Barabara ilikuwa tupu. Alisimama pale na sahani mikononi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Alisimama muda mrefu mno. Niliona mgongo wake tu, na mtandio ule wa kijani usio wake. Hakuwa na sentensi ya jambo hilo. Mimi ndiye niliyemwandika na sikuwahi kufikiria kwamba atahitaji neno la kumwambia mtu aliyekwisha kuondoka.

Nikapita ubavuni mwake nikatoka. Sikuaga.

Mkuu alikuwa bado na ungo wake. "Hongera," akasema. "Umepita."

"Nimepita wapi?"

"Chamani, unajua. Ila wewe ulishapita zamani. Sisi tulikuja baada yako, mwandishi. Usitufanye wageni." Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. "Tofauti yetu ni ndogo. Sisi tunakula kwanza. Wewe ulikula baadaye."

*

Nitaisema sasa, kwa sababu jambo hili nimelizunguka kama mtu anayetafuta mahali pa kuegesha gari.

Ilikuwa saa kumi ya alasiri. Naishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Nilikuwa chumbani narekodi, maikrofoni imewashwa, simu nimeizima sauti. Nilikuwa nasoma maneno ya wauaji, wa kawaida kabisa, wenye kofia na sumu, maana sheria ya hodi nilikuwa sijaitunga bado. Nilikuwa nimeshakosea mara mbili na hii ya tatu ilikuwa inakwenda vizuri. Nikasikia hodi.

Nilijua ni nani kwenye herufi ya kwanza. Nikafikiri: si sasa. Nikafikiri: akiingia atakaa mpaka magharibi, ataniuliza kama nimekula, ataosha vyombo ambavyo havihitaji kuoshwa. Nikafikiri: atarudi. Nikabana pumzi ili maikrofoni isinikamate. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Ungesukumwa na kuku ukafunguka. Lakini Mwanamvua binti Shomari alinipiga kofi nikiwa na miaka sita kwa kusukuma mlango wa jirani. Mwenye nyumba hakujibu ana sababu yake, alisema, wewe geuka uende. Akageuka, akaenda.

Alikaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Hapo ndipo alipokutwa. Wapangaji wa chini hawakujua ni mama wa nani, wakambeba mpaka hospitali kama mgeni asiye na jina. Daktari alisema ni moyo, akasema hata kama ungekuwa naye, pengine isingesaidia. Nashukuru kwa hiyo pengine. Nimeigeuzageuza mpaka imechakaa.

Saa kumi na mbili nilifungua mlango kupata hewa. Kizingitini kulikuwa na mkate wa kumimina umefungwa kwenye kipande cha khanga, chini bado una joto. Nikajisemea, ona, mama yangu huyo. Nikakata kipande nikala nimesimama. Ulikuwa mtamu, iliki imezidi kidogo kama kawaida yake. Nikakata kingine. Simu ilikuwa inawaka mezani kwa namba nisiyoijua na sikuipokea kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

Baada ya arobaini nilikaa nikaandika sheria ya Waliokaribishwa kwa kikao kimoja. Kila mtu ofisini aliisifu. Walisema ni ukatili wa namna yake, umetoka wapi? Ulitoka kwenye haja ya kuwa na mji mmoja, mmoja tu, ambamo anayenyamaza ndiye mwenye akili. Nilijenga kuta, nikaweka watu, nikawatia hofu, ili siku moja nipite katikati yao na nisione mtu mbaya kuliko mimi. Ndiyo maana chama hakifutwi, Fikirini. Nikikifuta, kitabaki kisa changu peke yake.

*

Nilivua hedifoni. Fikirini alikuwa anakula maandazi juu ya kibodi, kama nilivyomkataza.

"Umeamua?"

"Tusimnyamazishe."

Akashusha pumzi. "Sawa. Basi anaendelea kufa."

"Hafi. Ondoa visu katika nyumba ile. Atakayeingia atakula, ataambiwa amekonda, atatoka. Asiyetaka kula asiende."

"Na chamani wataingiaje? Lazima wawe na mtihani."

"Mtihani unabadilika." Nikavuta kiti. "Nataka chumba kidogo. Meza, kiti, maikrofoni, mlango mmoja. Mchezaji amekaa ndani, ana kazi mezani, kazi anayoipenda. Nje mtu anapiga hodi. Mchezaji ana kitufe kimoja tu, cha kusema karibu. Akikibonyeza, mlango unafunguka, na chamani haingii kamwe. Akinyamaza hodi zote tatu, ukuta wa nyuma unafunguka, na Mkuu yuko pale anamkaribisha."

"Nani anapiga hodi?"

"Mtu anayempenda."

Fikirini aliacha kutafuna. "Hakuna damu?"

"Hakuna."

"Dada, huu ni ukatili kuliko ule."

"Najua."

"Sasa sauti ya hodi tunaitoa wapi? Yule mama hana hodi, ana karibu tu. Nimezipekua zote kumi na moja."

Nilifungua mashine yangu. Kuna faili moja ambayo haina jina, ina tarehe na saa tu, kumi na dakika nane. Maikrofoni ilikuwa imewashwa siku ile. Nimeihamisha faili hiyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, nimeiwekea nakala sehemu tatu, na sijaisikiliza hata mara moja. Nilimtumia. Aliitazama tarehe. Alikuwepo mazishini, alibeba jeneza. Tarehe ile anaijua. Akajifuta mafuta vidoleni kwa suruali, akaanza kazi.

Alimaliza kabla ya magharibi. Akasema, "Ijaribu wewe kwanza," akasogea dirishani akanipa mgongo. Ni mtu mwenye adabu.

Nilivaa hedifoni. Chumba kilikuwa kidogo kama nilivyotaka. Jua la saa kumi lilikuwa limelalia ukutani.

"Hodi."

Alikuwa anahema. Sikukumbuka kwamba alikuwa anahema. Ghorofa nne, na mkate mkononi. Na karibu na sikio langu kulikuwa na sauti nyingine, ndogo: mtu anavuta pumzi na kuibana.

Nikabonyeza kitufe. Nikasema na kwa mdomo pia, kwa nguvu, Fikirini akashtuka kule dirishani. "Karibu, Mama! Karibu!"

Mlango ukafunguka. Nje hapakuwa na mtu, maana Fikirini alikuwa hajamchora mtu. Palikuwa na mwanga tu wa alasiri na kizingiti.

"Hodi, wenyewe." Rekodi haikunisikia. Nikabonyeza tena. Karibu. Mlango ulikuwa wazi tayari, haukuwa na pa kufungukia zaidi.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, Mama. Nipo. Nimo ndani."

Karatasi au nguo ilichakarisha chini, alikuwa anainama kuweka mkate. Kisha akasema, si kwa kupaza, akijisemea mwenyewe, na kwa sauti ya mtu anayejivunia kitu:

"Haya. Mwanangu yuko kazini."

Hatua zikaanza kushuka. Alikuwa anapumzika kila baada ya ngazi tatu. Nilizihesabu mpaka sikuweza tena kuzisikia, na nikaendelea kubonyeza.

"Nikate hapo?" Fikirini aliuliza bila kugeuka. "Baada ya hatua?"

Rekodi haikuwa imekwisha. Ile pumzi iliyobanwa ikaachiwa, taratibu, kwa nafuu. Kiti kikalia. Mtu akasafisha koo, na nikaisikia sauti yangu, changamfu kabisa, haina neno.

"Tunarudia," ilisema. "Mara ya nne."

Na ikaanza kusoma.